Barua za Wasomaji: Iran, Vazi la Mwanamke na Haki ya Jirani Kuuliza

Katika toleo lililopita tulichapisha habari fupi ya Bi. Narges Mohammadi, mwanamke wa Iran aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2023 akiwa kifungoni, na jinsi watoto wake mapacha walivyosimama jijini Oslo kuisoma hotuba yake huku kiti chake kikiwa kitupu. Habari ile ilikuwa na aya nne tu, lakini imetuletea barua nyingi, na nyingi kati yake zimeandikwa kwa uchungu. Wapo waliotushukuru, wapo waliotuuliza kwa nini gazeti la Mombasa linajishughulisha na mambo ya Tehran, na wapo walioona kwamba tumeigusa dini. Nimechagua nne ambazo, nikizijibu kwa ukamilifu, nadhani nitakuwa nimezijibu na nyingine. Nimezifupisha bila kugeuza kusudio la walioziandika, na majina yao nimeyaacha.

Je, si vita dhidi ya vazi letu?

"Assalaam alaykum. Mimi ni mkazi wa Kibokoni na navaa buibui tangu nilipokuwa msichana, kama alivyovaa mama yangu na nyanya yangu. Kila ninaposikia mashirika ya nje yakilalamikia hijabu ya Iran, nahisi ninayesemwa ni mimi. Hivi kweli wanawatetea wanawake, au wanalipiga vita vazi letu kwa kupitia mgongo wa Iran?"

Wa alaykum salaam, dada yangu. Hisia yako si ya kupuuzwa, kwa kuwa wapo kweli watu wanaoichukia hijabu na ambao wamelifanya jambo la Iran kuwa kisingizio chao. Hata hivyo, ili nikujibu kwa haki, inanibidi nianze na lililotokea lenyewe, maana wengi wetu tumelisikia nusunusu.

Tarehe 13 Septemba 2022 binti wa miaka 22, Mahsa Amini, ambaye kwao Ukurdi aliitwa Jina Amini, alikuwa Tehran akitokea mji wa Saqqez, na alikuwa na mdogo wake wa kiume. Polisi wa maadili, ambao kwa Kifarsi huitwa Gasht-e Ershad, walimkamata kwa madai kwamba hijabu yake haikukaa inavyotakiwa. Mdogo wake aliambiwa kwamba dada yake anapelekwa kwenye mafunzo ya mavazi na kwamba ataachiliwa baada ya saa moja. Tarehe 16 Septemba alifariki hospitalini. Serikali ilisema alikuwa na maradhi ya tangu utotoni, na wazazi wake wakalikana jambo hilo. Tume huru ya uchunguzi iliyoundwa na Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti yake Machi 2024, nayo ikasema kwamba binti huyo alifanyiwa ukatili wa mwili mikononi mwa polisi, kwamba ukatili huo ndio uliomfikisha kwenye mauti, na kwamba dola ndiyo inayobeba dhamana. Kuhusu maandamano yaliyofuata, tume ilieleza kwamba takwimu za kuaminika zinaonyesha waandamanaji hadi 551 waliuawa na vikosi vya usalama, wakiwemo wanawake wasiopungua 49 na watoto wasiopungua 68.

Sasa tuwatazame walioingia barabarani. Hawakuwa wanawake walioichukia hijabu peke yao. Huko Zahedan, mji wa Masunni wahafidhina, wanawake waliojifunika shuka nyeusi tangu utosini hadi miguuni waliandamana wakitamka kwamba mwenye hijabu na asiye na hijabu wako katika safari moja. Wanawake hao hawakuandamana ili wavue, kwani nguo zao walikuwa wamezivaa na walirudi nazo nyumbani. Walichokipinga ni askari kupewa mamlaka juu ya kichwa cha mwanamke.

Nchi hiyohiyo imewahi kuyatenda hayo kwa upande wa pili. Januari 1936 mfalme Reza Shah alipiga marufuku ushungi, na askari wake wakawa wanawavua wanawake barabarani. Wapo waliojifungia majumbani kwa miaka ili wasipatwe na fedheha hiyo. Baada ya mapinduzi ya 1979 amri ikageuzwa, na kufikia 1983 sheria ikaweka adhabu ya viboko hadi 74 kwa mwanamke asiyejifunika hadharani. Nyanya alivuliwa na polisi, mjukuu akavalishwa na polisi, na katika nyakati zote mbili hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Umeuliza kama wanaolalamika wanalipiga vita vazi. Ufaransa ilipiga marufuku hijabu katika shule za serikali mwaka 2004, na mwaka 2010 ikapitisha sheria ya kukataza kufunika uso hadharani. Wanawake wawili waliotozwa faini kwa kuvaa nikabu walipeleka malalamiko yao kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na Oktoba 2018 kamati hiyo ikatamka kwamba Ufaransa imewavunjia haki zao za dini. Mkataba wa haki za kiraia na kisiasa uliowatetea wenye nikabu huko Ufaransa ndio huohuo unaotumika kumtetea aliyekamatwa Tehran. Hata hapa kwetu tunayajua machungu hayo, kwani tulifuatilia kwa miaka kesi ya wanafunzi wa Kiislamu wa Isiolo waliotaka kuvaa hijabu katika shule yenye udhamini wa kanisa, wakashinda katika Mahakama ya Rufaa mwaka 2016, kisha ushindi huo ukatenguliwa na Mahakama ya Juu Januari 2019 kwa sababu za utaratibu wa jinsi ombi lilivyowasilishwa. Aliyehuzunika kwa ajili ya mabinti wale anayo sababu ileile ya kuhuzunika kwa ajili ya Jina Amini.

Nyanya yangu alivaa buibui la kamba, lile la zamani ambalo kijana wa leo hajui hata linavyofungwa. Nilipokuwa mdogo nilifuatana naye Marikiti, naye alikuwa akiushika upindo kwa meno ili mikono yake miwili ipate nafasi ya kuhesabu sarafu na kuminya maembe, na bado akiweza kumwambia muuzaji, bila kuufungua mdomo sawasawa, kwamba bei yake haina huruma. Hakuna askari aliyewahi kumsimamisha kumkagua. Nadhani lau angelikuwepo wa kufanya hivyo, vazi lile lisingekuwa tena lake.

Tena, mambo ya sheria hayaishii kwenye kitambaa. Katika sheria za Iran msichana anaweza kuozwa akiwa na miaka 13, na chini ya hapo kwa idhini ya mahakama; anaweza kuwajibishwa kwa kosa la jinai akiwa na miaka 9 kwa hesabu ya mwezi, wakati mvulana husubiriwa hadi 15; na mke anahitaji ridhaa ya mumewe ili apewe pasipoti. Bi. Shirin Ebadi, aliyepata Nobel mwaka 2003, alikuwa hakimu kabla ya mapinduzi, kisha akaondolewa kwenye kiti chake kwa kuwa ni mwanamke. Wala msidhani kwamba Wairani wote waliyaridhia hayo. Mwaka 2003 bunge lao lenyewe lilipiga kura ya kujiunga na mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na Baraza la Walinzi wa Katiba ndilo lililoukataa. Mabishano haya ni ya Wairani kwa Wairani, ya Waislamu kwa Waislamu, na yalikuwepo kabla ya mgeni yeyote kutia neno.

Tulisikia habari za Zahedan

"Mimi ni mzee wa Makadara, na asili yetu ni Wabulushi. Wazee wetu waliletwa na masultani kuwa askari wa Ngomeni, na kijukuu changu sasa hajui neno hata moja la Kibulushi. Tulisikia kwamba Zahedan watu walipigwa risasi siku ya Ijumaa. Naomba kujua ukweli wake, na kama Masunni wanaonewa huko au ni siasa tu."

Shikamoo, mzee wangu. Ni kweli. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 30 Septemba 2022. Watu walikuwa na ghadhabu kwa sababu ya tuhuma kwamba kamanda mmoja wa polisi alikuwa amembaka msichana wa Kibulushi wa miaka 15 katika mji wa Chabahar. Baada ya sala kundi la watu lilikusanyika mbele ya kituo cha polisi kilicho karibu na uwanja mkubwa wa kusalia, na vikosi vikafyatua risasi, zikawapata waandamanaji na pia watu waliokuwa bado kwenye eneo la sala. Shirika la Amnesty International lilihesabu waliouawa siku ile kuwa si chini ya 66, wakiwemo watoto. Hakuna mji mwingine wa Iran uliopoteza watu wengi kiasi hicho kwa siku moja katika maandamano ya mwaka ule. Imamu wa msikiti wa Makki, Molavi Abdolhamid, aliendelea kulisema jambo hilo juu ya mimbari, Ijumaa baada ya Ijumaa.

Kuhusu kama ni uonevu au siasa, nakuomba utazame katiba kwanza. Ibara ya 12 inaitaja dini rasmi kuwa ni Uislamu wa madhehebu ya Kishia ya Ithnaashari, na inayaahidi heshima kamili madhehebu mengine, yakiwemo ya Imamu Shafi ambayo sisi wa pwani ndiyo tunayoyafuata. Ahadi hiyo ni njema. Lakini ibara ya 115 inamtaka rais awe mfuasi wa madhehebu rasmi, ikiwa na maana kwamba Msunni, awe mcha Mungu na msomi kiasi gani, hawezi kuwa rais wa nchi yake. Masunni wa Tehran wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wananyimwa ruhusa ya kujenga msikiti wao na kwamba wanalazimika kusali katika nyumba za kawaida. Mzee wangu, kutoka hapo ulipo Makadara ukitembea kwa miguu kuelekea Mji wa Kale, unaupita msikiti wa wazee wako, unakutana na misikiti ya Sunni, na ukifika Mji wa Kale unauona msikiti wa Mabohora, ambao ni Mashia, na mnara wake juu ya bahari. Hakuna aliyewataka Mabohora waombe ruhusa ya kuwa Mabohora. Sitaki kusema kwamba Mombasa haina ubaguzi, ila hilo moja tunalo, na ni vizuri tulithamini tunaposikia kwamba wengine wamelikosa.

Lipo jambo la kunyongwa pia. Mwaka 2023 Amnesty iliorodhesha watu wasiopungua 853 walionyongwa Iran, zaidi ya nusu yao kwa makosa ya dawa za kulevya, na asilimia 20 ya wote walikuwa Wabulushi, ambao ni kiasi cha asilimia 5 tu ya wananchi. Mkoa wao ni wa mpakani, ni mkavu na ni maskini, na kijana asiye na kazi hubebeshwa mizigo ya wakubwa ambao majina yao hayafiki mahakamani. Wakurdi nao wana malalamiko yanayokaribiana na hayo.

Ulitaja Masunni, nami naomba uniruhusu niongeze watu ambao huenda hukuwafikiria, maana katika barua zote zilizofika hapa hakuna iliyowauliza. Hao ni Wabahai. Katiba ya Iran inawatambua Wazoroasta, Wayahudi na Wakristo, na hata kuwatengea viti bungeni, jambo ambalo haki inatutaka tulitaje. Wabahai, ambao wanakadiriwa kuwa 300,000 na ambao dini yao ilizaliwa hukohuko Iran, hawatambuliwi kabisa. Mwaka 1991 waraka wa serikali ulielekeza kwamba wafukuzwe vyuo vikuu pindi wanapojulikana. Juni 1983 wanawake 10 wa Kibahai walinyongwa usiku mmoja katika mji wa Shiraz, mji ambao nusu ya pwani hii inajinasibisha nao inapojiita Washirazi. Mdogo wao, Mona Mahmudnizhad, alikuwa na miaka 17, na miongoni mwa makosa yake ni kuwafundisha watoto mafunzo ya dini yake. Najua wengi wa wasomaji wetu hawakubaliani na Wabahai katika itikadi, na mimi siwatakii wakubaliane. Ninachouliza ni kama kutokubaliana na binti wa miaka 17 kunahitaji kamba.

Nani aliwapa ruhusa ya kuingilia?

"Mimi ni mwalimu wa historia, Changamwe. Nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba mwaka 1953 Marekani na Uingereza zilimpindua Mossadegh kwa ajili ya mafuta. Leo haohao wanalilia haki za Wairani. Umoja wa Mataifa una ruhusa gani ya kuingilia mambo ya ndani ya nchi huru, na kwa nini tuwaamini?"

Mwalimu wangu, uliyowafundisha ni kweli, na wala usiyaache. Agosti 1953 waziri mkuu Mohammad Mossadegh, aliyeyataifisha mafuta ya nchi yake, aliangushwa kwa mkono wa Uingereza na Marekani, na Shah, mfalme wa wakati huo na mwana wa yule Reza Shah, akarudishiwa nguvu zote. Polisi wake wa siri, SAVAK, walioundwa mwaka 1957 kwa msaada wa Marekani na Israel, waliwatesa watu kwa miaka zaidi ya 20 na wakubwa wa dunia wakanyamaza. Nyani haoni kundule. Anayetaka kulisema jambo la Iran kwa uaminifu hana budi kuanzia hapo, na namshukuru mwalimu kwa kutuanzishia.

Lakini hebu tuwatazame walioandika ripoti zenyewe, maana tumezoea kudhani kwamba ni Wazungu. Mjumbe maalumu wa kwanza wa kuchunguza haki za binadamu Iran aliteuliwa mwaka 1984. Wadhifa huo ulisimamishwa mwaka 2002, ukarudishwa 2011, na tangu hapo aliyeushika kwanza ni Ahmed Shaheed, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Maldives, nchi ya Waislamu; akafuatiwa na Asma Jahangir, wakili wa Pakistan aliyekuwa na historia ndefu ya kuwatetea wanyonge mbele ya majenerali wa kwao; kisha Javaid Rehman, mwanasheria mwenye asili ya Pakistan; na mwaka 2024 akaingia Mai Sato wa Japani. Tume iliyochunguza kifo cha Jina Amini iliongozwa na Sara Hossain, wakili wa Bangladesh. Wengi wa watu hawa wanaufahamu Uislamu kwa kuzaliwa nao, na baadhi yao wameyaonja ya serikali zao.

Kuhusu ruhusa, Mwalimu, ruhusa ilitolewa na Iran. Mwaka 1975 iliuridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Utasema ni Shah aliyetia saini, nami nitakubali, ila Jamhuri ya Kiislamu imekuwa na miaka mingi ya kujitoa na haikujitoa. Badala yake imekuwa ikiwapeleka wajumbe wake Geneva, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, kujibu maswali chini ya mkataba huohuo. Mtu akiingia kwenye chama cha kufa na kuzikana, akatoa mchango na kuhudhuria vikao, hawezi kuwaambia wenzake kwamba msiba uliotokea nyumbani kwake hauwahusu.

Wala hukumu hizi hazipitishwi kwa sauti moja. Tarehe 24 Novemba 2022, siku ambayo Baraza la Haki za Binadamu liliamua kuunda tume ile, nchi 25 ziliunga mkono, 6 zilikataa, zikiwemo China, Pakistan na Eritrea, na 16 hazikuegemea upande wowote. Desemba 14 mwaka huohuo Iran iliondolewa katika Kamisheni ya Umoja wa Mataifa kuhusu Hali ya Wanawake kwa kura 29 dhidi ya 8, na 16 zikajizuia. Nimezitaja idadi hizi ili wanafunzi wako waone kwamba wasiwasi wa dunia una mabishano ndani yake, na kwamba aliyekataa na aliyekaa kimya wote wamesajiliwa.

Ipo hoja moja ya Iran ambayo naiona ina uzito. Vikwazo vya uchumi vimewaumiza wagonjwa waliokosa dawa kabla ya kuwaumiza wakubwa. Mei 2022 Iran ilimkaribisha Alena Douhan, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa anayechunguza madhara ya vikwazo, akaingia, akazunguka, na ripoti yake ikasema wazi kwamba vikwazo vinawadhuru watu wa kawaida. Jambo hilo lilikuwa sawa. Ninachokiona kibaya ni kwamba mlango uliofunguliwa kwa mchunguzi huyo haukufunguliwa kwa Shaheed, kwa Jahangir wala kwa Rehman, waliolazimika kuzisikiliza familia kwa simu na kuwahoji watu walioko uhamishoni.

Umeuliza pia katika barua yako kamili kwa nini nchi yetu haisemi kitu. Julai 2023 Ebrahim Raisi, rais wa Iran wa wakati huo, alikuja Nairobi, kituo cha kwanza katika ziara yake ya Afrika, na mazungumzo yakawa ya biashara. Wakati ule Iran ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wa chai ya Kenya, na chai hiyo hupigwa mnada hapahapa Mombasa. Kuna wapakiaji na madereva wa malori wanaolishwa na biashara hiyo, na sithubutu kuwaambia waiache. Hata hivyo, Raisi huyo mwaka 1988 alikuwa naibu mwendesha mashtaka wa Tehran, na mashirika ya haki za binadamu yamemtaja kuwa mmoja wa waliokaa katika kamati zilizoamua, majira ya joto ya mwaka ule, ni wafungwa gani wa kisiasa wanyongwe. Waliouawa ni maelfu. Wengi walikuwa tayari wamehukumiwa vifungo na wanavitumikia. Tehran walizikwa bila alama yoyote katika ardhi ya Khavaran, na mama zao waliokwenda kuwaombea walifukuzwa mara kwa mara, maua yao yakikanyagwa. Kiongozi anaweza kununua chai na kuuza mafuta huku akiulizwa maswali, na kwa maoni yangu yale maswali yalipaswa kuulizwa pale Nairobi.

Na sisi je?

"Nina miaka 23 na ninaishi Kisauni. Kaka yangu alichukuliwa na watu wasiovaa sare, ndani ya gari lisilo na alama, na hadi leo hatujui yuko wapi. Alitoka asubuhi na shati la kijani ambalo mfuko wake ulikuwa umetatuka, na mama alisema atalishona jioni. Kituo tulichokwenda walituambia hawamjui. Mnaandika mambo ya Iran wakati kwetu kunaungua. Kwa nini?"

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Sina cha kujitetea nacho, na hiki si kipindi cha kubishana na wewe. Nitakwambia tu kwamba kalamu inayoandika ya Khavaran ndiyo hii itakayoandika ya Kisauni, na kwamba mkataba nilioutaja hapo juu Kenya iliuridhia mwaka 1972, miaka mitatu kabla ya Iran. Tulioyaona ya Juni 2024, vijana walipopigwa risasi nje ya Bunge na wengine kutoweka katika miezi iliyofuata, na sisi wa Mombasa tuliokuwa tukiyaona ya masheikhe na vijana kutoweka kwa miaka mingi kabla ya hapo, hatuna sababu ya kudhani kwamba Geneva ni ya watu wengine. Kenya ilitia saini mkataba dhidi ya kupotezwa kwa watu mwaka 2007, kisha miaka mingi ikapita bila kuuridhia.

Sasa naomba uyafanye haya, na usiyafanye peke yako. Nenda tena kituoni na mtu mzima wa familia na, ikiwezekana, wakili. Mwombe ofisa aandike taarifa katika kitabu cha matukio na akupe nambari ya OB, na akikataa, andika saa, tarehe na nambari yake ya kazi. Ibara ya 49 ya Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na ibara ya 25 inaiweka amri ya mahakama ya kuwataka wanaomshikilia mtu wamlete mbele ya hakimu kuwa haki isiyoweza kupunguzwa kwa hali yoyote. Ombi hilo hupelekwa Mahakama Kuu, na halisubiri mwili upatikane wala mtuhumiwa ajulikane kwa jina. MUHURI na HAKI Africa, taasisi za haki za binadamu za hapa Mombasa, zimezisaidia familia nyingi kuandika maombi ya aina hiyo. Peleka malalamiko pia kwa mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi. Mwisho, familia yenyewe inaweza kuliandikia Kundi la Kazi la Umoja wa Mataifa kuhusu Waliopotezwa, lililoanza mwaka 1980. Halitozi ada, na mkishaandika, serikali huulizwa, kwa kumtaja kaka yako kwa jina, mahali alipo, na hutakiwa kujibu. Mama wa Kiirani na mama wa Kikenya huandika kwa kundi hilohilo.

Katika maelezo yako usiandike "kijana wa kiume, mrefu wa wastani", kwani wapo wengi. Andika kovu kama analo, andika meno yake, andika viatu. Lile shati la kijani liandike ukurasa wa kwanza, na mfuko uliotatuka utaje ni wa upande gani.